"Fofofo" na "Very": Vivumishi vya Kiingereza katika Madaftari ya Mtopanga

Makala haya yalichochewa na madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja. Katika masomo ya jioni ninayosaidia Mtopanga, upande wa Kisauni, niliyafungua yote mawili mezani kwa wakati mmoja. Katika insha ya Kiswahili mwanafunzi ameandika kwamba usiku ulikuwa wa giza totoro, watu wa nyumbani wamelala fofofo, naye amechoka hoi. Katika insha ya Kiingereza, ambayo kisa chake hakiko mbali na hicho, kuna nyumba iliyo "very enormous", usiku ulio "very pitch dark", na msimulizi anayejieleza kwa maneno "I was boring". Pembeni pana maelezo ya kalamu nyekundu: athari ya lugha ya kwanza.

Maelezo hayo ndiyo ninayoyapinga. Yanaeleza mengi mno kwa maneno machache, na yanakitia hatiani Kiswahili kabla hajasikizwa shahidi.

Kuhusu umbo la Kiingereza chenyewe hakuna ubishi mkubwa. Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya 1985, walionyesha kwamba kivumishi halisi cha Kiingereza hutambulika kwa mambo manne: hutangulia nomino, hukaa baada ya kitenzi "be", hukubali "very", na hulinganishwa kwa daraja. Vivumishi vingine hutimiza baadhi tu ya masharti hayo. Kwa ajili ya hoja yangu nitavigawa katika makundi matatu. Vya kupimika vina ngazi, kama "tall" na "sweet". Vya kikomo husema sifa ipo au haipo, kama "dead" na "equal". Vya kilele vimekwisha kubeba ukali wa sifa ndani yao, kama "enormous", "freezing" na "exhausted". Kundi la kwanza hukubali "very". Mawili ya mwisho kwa kawaida huikataa, yakapendelea "absolutely" au "completely".

Ubishi uko kwenye chanzo cha makosa. Robert Lado alidai mwaka 1957 kwamba mwanafunzi huhamisha mazoea ya lugha yake kwenda lugha ngeni, na panapotofautiana ndipo panapomshinda. Miaka kumi baadaye S. P. Corder alijibu kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazozijenga mwenyewe kwa kile anachofundishwa. Vyumba vya walimu vingi nivijuavyo bado vinaishi mwaka 1957, tena kwa sura kali kuliko ya Lado mwenyewe: Kiswahili, inasemwa, kina uhaba wa vivumishi, kwa hiyo mwana wa Pwani hana pa kuegemea.

Uhaba huo wa mashina ni kweli. Dixon, katika makala yake maarufu ya 1977, alieleza kwamba lugha zenye vivumishi vichache huvitumia kwa ukubwa, umri, thamani na rangi, na sifa nyingine huzipeleka kwenye nomino au vitenzi. Ndivyo tulivyo. Tuna -refu, -pya, -baya, -eusi. Tumekopa safi, ghali na hodari. Yaliyobaki tunayasema kwa a-unganifu, kama "maji ya baridi", au kwa kirejeshi, kama "mtu aliyechoka". Lakini uchache wa neno la aina fulani si uchache wa maana. Anayetoka hapa akafika kwenye kauli kwamba Kiswahili hakipambanui viwango vya sifa ameruka daraja zima.

Turudi kwenye daftari. Nilimwuliza mwanafunzi, "Mtu anaweza kulala sana fofofo?" Akacheka. "Hapana, mwalimu." Mbona? Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Fofofo yenyewe ishakuwa sana."

Jibu hilo linatosha kuwa nadharia ya vivumishi vya kilele. Kile tunachokiita darasani tanakali za sauti, na ambacho wanafunzi hukikariri kama pambo la insha, ni mfumo wa viongezi vyenye masharti makali. Giza ni totoro, halijawa fofofo hata siku moja. Kulala ni fofofo, kuchoka ni hoi, kujaa ni pomoni, weupe ni pe. Kila kiongezi kina mwenzake, na kikishaingia, "sana" haina kazi tena. Kiingereza kina desturi hiyo hiyo: usingizi ni "fast asleep", giza ni "pitch dark", kitu kipya ni "brand new", aliye macho ni "wide awake". Hakuna "pitch asleep" kama ambavyo hakuna giza fofofo.

Hali kadhalika kwa vivumishi vya kikomo. Twasema "sawa kabisa", "kamili kabisa", "haiwezekani kabisa". Sikio la mzawa hukataa "sawa sana" na "kamili sana", na hakuna anayesema "samaki yule amekufa sana". Kwa hiyo mpaka ambao "very" huuheshimu katika Kiingereza, "sana" huuheshimu Mtopanga.

Ikiwa mpaka tunao, "very enormous" imetoka wapi? Nashuku orodha za msamiati. Mwanafunzi huandikiwa ubaoni kwamba "enormous" ni -kubwa, "exhausted" ni kuchoka, "freezing" ni baridi, ili apate maneno mazito ya kupambia insha. Tafsiri hizo zimedondosha nusu ya maana. "Enormous" ni kubwa sana. "Exhausted" ni kuchoka hoi. "Freezing" ni baridi kali. Mwanafunzi aliyepewa -kubwa tupu, na ambaye nyumba anayoiwaza ni kubwa sana, hurudisha "sana" iliyopotea kwa neno analolijua: "very". Kosa lake limefuata mantiki ya somo alilopewa.

"I was boring" inathibitisha jambo hili hata zaidi. Kiingereza hutofautisha kinachosababisha hisia na anayeipata kwa -ing na -ed. Kiswahili hutofautisha vivyo hivyo, tena kwa uwazi: filamu inachosha, mimi nimechoshwa; mchezo unavutia, mimi navutiwa; habari inashangaza, wasikilizaji wameshangazwa. Mtoto wa miaka sita hakosei kati ya "nachosha" na "nimechoka". Kama lugha ya kwanza ingekuwa imeathiri, ingemwokoa. Imeshindwa kumwokoa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba -sh- na -z- za usababishi zinakaa upande wa -ing, na -w- ya utendwa inakaa upande wa -ed.

Nitapingwa kwa mifano ya "jumba kubwa sana", ambamo ukubwa umesemwa mara tatu, na "mzuri kabisa", ambamo "kabisa" imeshika kivumishi cha kupimika. Pingamizi hizi zina uzito. Zinaonyesha kwamba kipimo changu kinafanya kazi upande mmoja: mahali "sana" inapokataa, aghalabu "very" nayo hukataa, mahali "kabisa" inapokubali, hatuwezi kuamua lolote. Kwa mwalimu, upande huo mmoja ni mtaji tosha. Nakiri pia kwamba kuna mahali Kiswahili hakisaidii. Hakuna kitu katika "mtoto aliyelala" au "samaki hai" kitakachomtahadharisha mwanafunzi kwamba "asleep" na "alive" hazitangulii nomino, na mpangilio wa vivumishi vingi mbele ya nomino, maoni kabla ya ukubwa na ukubwa kabla ya rangi, hauna budi kufundishwa upya.

Na "too"? Hapa Kiswahili husaidia kikichaguliwa vizuri. Ikifasiriwa kwa "mno", mwanafunzi ataandika kwamba anampenda mamake "too much", kwa sababu "mno" siku hizi hubeba hata sifa njema. Ifasiriwe kwa "kuzidi". Kila mtoto aliyewahi kurudisha kikombe akisema "chai imezidi sukari" anaijua "too" tayari.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeviweka Kiswahili na Kiingereza pamoja kuwa lugha rasmi za Kenya. Darasani bado zinaishi kama majirani wasiosemezana. Vivumishi hufundishwa katika kipindi cha Kiswahili, kisha huanzwa upya katika kipindi cha Kiingereza kana kwamba mwanafunzi hajawahi kusikia habari yake, na zipo shule zinazomwadhibu mtoto kwa kuitamka lugha ambayo ingemfafanulia somo. Napendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. Kila kivumishi cha kilele kiandikwe ubaoni pamoja na kiongezi chake cha Kiswahili: "exhausted" iwe kuchoka hoi, isipungue. Na somo la tanakali lifundishwe na walimu wa lugha zote mbili wakiwa wamekaa pamoja.

Madaftari ya mwanafunzi mmoja hayathibitishi hali ya nchi, nami sijaenda mbali na Mtopanga. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya makosa ya vivumishi tunayoyabandika Kiswahili ni makosa ya tafsiri zetu walimu. Mwanafunzi wangu, baada ya kuulizwa juu ya fofofo, alivuta daftari la Kiingereza akakata "very" mbili bila kuambiwa. "Boring" aliiacha kwanza. Nilipomwuliza ni nani aliyekuwa akimchosha nani, akaikata nayo.