Kipande na Faragha ya Mtu

Sheria ya mwaka 1915 iliyowalazimu wanaume Waafrika wa Kenya kuandikishwa ilikawia kutekelezwa kwa ajili ya Vita Kuu. Lakini vita vilipokwisha ilishika nguvu, na kila mwanamume aliyetimia miaka 16 akatakiwa achukue kipande, yaani karatasi iliyokunjwa ndani ya mkebe mdogo wa chuma ambao aghalabu ulitundikwa shingoni kwa kamba, na ambao wavaaji wenyewe waliufananisha na kengele ya mbuzi. Karatasini mliandikwa jina lake, kabila lake na wilaya yake, zikapigwa na chapa za vidole. Kisha mwajiri akatia tarehe ya kumwajiri, kiasi cha ujira na, siku ya kuachana, sahihi yake. Ole wake mtumishi ambaye bwana alimnyima sahihi hiyo, kwa maana pasipo nayo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na askari aliyemkuta njiani aliweza kumkamata kwa tuhuma ya utoro. Mtu alitembea na habari zake kifuani, asiwe na mamlaka ya kuongeza neno wala kulifuta.

Harry Thuku, aliyekuwa mpokezi wa simu katika Hazina ya serikali, alikipinga kipande hicho hadharani. Akatiwa mbaroni Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Kipande hakikuondoka. Kilidumu hata mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa kila rangi, na hapo ndipo ulipodhihirika unafiki wa mambo: walowezi, ambao kwa zaidi ya robo karne hawakuona aibu yoyote katika vidole vya watumishi wao, walihamaki walipoambiwa wapake wino vya kwao. Kumbe walijua tangu awali kwamba mwili wa mtu ni siri yake.

Siri hiyo leo imo katika Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mwananchi haki ya kuambiwa taarifa zake zatumiwaje, kuzisahihisha na kutaka zifutwe. Lakini mwaka 2023 maelfu walijipanga Nairobi kwa hiari yao, wapigwe picha za mboni za macho na mtambo wa mviringo wa mradi wa Worldcoin, nao wapewe sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Siwalaumu, fedha hizo kwa kijana asiye na kazi si haba, na wangapi kati yetu husoma masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Serikali iliisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu, ikiona kwamba ridhaa ile ilivutwa kwa malipo, iliamuru taarifa zote zilizokusanywa zifutwe katika muda wa siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.