Mutoto anakataa kulala: mzazi afanye nini?

Saa mbili ya usiku, mutoto wa miaka mitatu anajua mambo mingi ya kuomba. «Mama, niko na kiu.» «Papa, nataka kwenda ku choo.» Mama ametoka soko, amechoka, na kesho ataamuka saa kumi na moja ya asubuyi.

Mara nyingi si utundu. Mu mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo: mutoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji masaa 11 mpaka 14 ya usingizi, wa miaka 3 na 4 masaa 10 mpaka 13, pamoja na usingizi wa muchana. Basi mwenye kulala muchana mpaka saa kumi na moja, saa mbili usingizi utatoka wapi? Amuamushe mapema. Na chai ya majani ya mangaribi, wengi tunaisahau, inafungua macho sawa vile kahawa.

Kinachosaidia zaidi ni mupangilio uleule kila siku: kula, kuoga, choo, kuingia ndani ya musikitere, hadisi moja. Moja tu. Telefone na televizio zizimwe mbele. Ku nyumba ya chumba kimoja ni kazi, zaidi umeme ukirudi usiku na wakubwa wanataka filme. Hata pazia na sauti ya chini vinasaidia.

Akitoka ku kitanda, umurudishe bila maneno mingi na bila fimbo. Siku za kwanza kilio kinaweza kuongezeka. Ukikubali siku ya tatu, amejifunza kwamba kulia sana kunalipa. Papa na koko nao wakubaliane na mama, kama hapana kazi ni bure.

Kuna neno moja tuache kabisa: «Lala, ao nitaita basoda!» Hapa kwetu basoda si hadisi. Mutoto aliyekimbia masasi, ao anayelala mu kambi ya wakimbizi, anaweza kukataa kulala juu ya woga. Pengine ameanza tena kukojoa ku kitanda. Huyo haadhibiwe. Umulale pembeni, umushike mukono mpaka asinzie. Lakini mushumaa usibaki ukiwaka karibu na musikitere: nyumba za mbao zinaungua haraka.

Wengine wanatoa siro ya kikohozi ao ya mafua ili mutoto asinzie. Ni hatari. Zile zenye prometazine zinaweza kuzuia pumzi, na hazitolewi kwa mutoto wa chini ya miaka miwili.

Akikoroma sana, akijikuna matako kila usiku (pengine ni minyoo), ao woga ukipita mwezi moja, mupeleke ku kituo cha afya, na ueleze muganga anaamuka mara ngapi.