Asili ya Misingi ya Mtandao wa Kompyuta

Mwanafunzi aingiaye darasa la kwanza la mitandao ya kompyuta aghalabu hupewa misingi yake kama sheria zilizozaliwa kamili. Huambiwa kwamba ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Kwamba kila pakiti hubeba anwani ya iendako. Kwamba kazi yote imegawanywa katika tabaka saba, naye huzikariri kwa taratibu kabla ya mtihani. Kukariri hakutoshi. Kila msingi ni jibu la swali lililowahi kuwasumbua watu, na asiyelijua swali hawezi kupima ubora wa jibu.

Tuanze na pakiti. Katika simu ya zamani, watu wawili waliozungumza walishika njia nzima baina yao mpaka mazungumzo yaishe, hata walipokuwa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Baran, wa shirika la RAND huko Marekani, alijiuliza jinsi mawasiliano yatakavyodumu ikiwa vita vya nyuklia vitavunja vituo vikuu. Alishauri mtandao wenye njia nyingi, ambamo kila kipande cha ujumbe hupita palipo wazi. Mwaka wa 1965 Donald Davies, wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, alifikia wazo lilo hilo kwa swali jingine kabisa: namna ya kuwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja ya ghali bila ya kupoteza nafasi ya waya. Ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Mmoja alihofia vita, wa pili alichukia upotevu. Wote wawili wakafika kisima kimoja.

Tarehe 29 Oktoba 1969 mtandao wa ARPANET ulipeleka ujumbe wake wa kwanza, kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, hadi Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Neno lililokusudiwa lilikuwa "login". Zilifika herufi mbili tu, L na O, mfumo ukaanguka. Muda wa saa moja hivi baadaye jaribio lilifaulu.

Hapo likazuka swali zito zaidi: pakiti ikipotea, ni wajibu wa nani kuitafuta? ARPANET iliubebesha mtandao wenyewe dhamana hiyo. Huko Ufaransa, Louis Pouzin na wenzake wa mradi wa CYCLADES walishika kinyume chake: mtandao upeleke tu, na kompyuta zilizo kwenye ncha zihakikishe. Vinton Cerf na Robert Kahn, katika makala yao ya mwaka 1974, waliielekea rai hiyo, na kazi yao ikazaa itifaki za TCP na IP, ambazo ARPANET ilihamia tarehe 1 Januari 1983. IP husafirisha bila ya kuahidi. TCP huhesabu, hurudia kilichopotea na kupanga kilichovurugika.

Na zile tabaka saba? Hizo ni za kielelezo cha OSI, kilichotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1984. Serikali kadhaa zilikiunga mkono, lakini TCP na IP zilikuwa zimekwisha kuenea, zikashinda. Kwa hiyo mwanafunzi hukariri ramani ya mji ambao haukujengwa kama ulivyochorwa. Ramani yafaa kwa kufikiri, mradi asidhani kuwa ndiyo mji.

Msomaji aweza kuuliza historia hii yatufaa nini. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika katika Afrika Mashariki, na Tanzania ikaathirika sana. Aliyekariri kwamba pakiti hujitafutia njia nyingine alishangaa. Aliyemfahamu Baran hakushangaa, kwani sharti la kwanza la Baran lilikuwa njia ziwe nyingi. Itifaki haiwezi kuchagua njia ambayo haikujengwa. Kujenga njia hizo ni kazi ya fedha, siasa na busara, na wataifanya hao hao walioketi leo katika darasa la kwanza. Hapana budi basi wafundishwe swali kabla ya jibu.