Themostati: kidude kinachopambana na hewa isiyotulia

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, tuzungumzie kidude cha ukutani kilichokuwa kikifanya maamuzi majumbani miaka mingi kabla ya tarakilishi kuingia humo. Kidude chenyewe ni themostati, kile kinachoiamuru hita iwake au izime, na kiyoyozi vivyo hivyo.

Hapa Kenya wengi wetu hatuna hita za nyumba. Baridi ya Julai ikija tunavaa sweta, tunasogea karibu na jiko, mambo yanaisha. Lakini wako Wakenya wengi wanaoishi Minnesota, kule Marekani, ambako hita ikizima Januari mabomba ya maji yanaganda na kupasuka. Na kinachosumbua si baridi peke yake. Kama baridi ingekuwa ile ile msimu mzima, ungechoma makaa kiasi kile kile kila siku na nyumba ingekaa vizuri. Shida ni kwamba hewa inageuka: mchana jua, usiku upepo, kesho theluji. Themostati iligunduliwa kwa sababu ya kugeuka huko.

Tuanze na Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyezaliwa 1572 na kufanya kazi Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 17 alitengeneza tanuri la kuangulia vifaranga lililojirekebisha lenyewe. Ndani yake mlikuwa na alkoholi na zebaki. Joto likipanda, alkoholi inatanuka na kuisukuma zebaki, zebaki inainua fimbo, na fimbo inaziba tundu la hewa. Moto ukikosa hewa unapungua. Joto likishuka, tundu linafunguka tena. Sisi waandishi wa programu tunaliita jambo hili mrejesho: matokeo ya kazi yanarudi kuwa habari ya kuamulia hatua inayofuata. Ukifuga kuku kwa mashine ya kutotolea vifaranga, unatumia wazo hilo hilo.

Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia kutoka Scotland, alipata hataza ya kifaa alichokiita themostati. Alitumia vipande viwili vya metali tofauti vilivyoshikanishwa. Kwa kuwa kila metali hutanuka kwa kiasi chake, kipande kizima hupinda kikipata joto. Pasi nyingi za umeme zenye kitufe cha kuzungusha hujizima kwa kipande kama hicho.

Hata hivyo majengo mengi yaliendelea kumtegemea binadamu. Kwenye chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin, alikuwapo mwalimu aitwaye Warren Johnson. Mtunza jengo alilazimika kupita darasa baada ya darasa akisoma kipimajoto, kisha ashuke chini kurekebisha njia za hewa ya moto. Hewa ikigeuka akishapita, hana habari mpaka mzunguko unaofuata. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichokuwa kikipiga kengele huko chini joto la darasani likibadilika. Uangalizi sasa ulikuwa wa mashine, lakini mikono ilikuwa bado ya mtu.

Mikono ilikuja miaka miwili tu baadaye. Albert Butz, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akiishi Minneapolis, alibuni mtambo ambao chumba kikipoa unafunga sakiti ya umeme, mota ndogo inazunguka, na kifuniko cha tanuri la makaa kinainuka ili hewa iingie na moto ukolee. Mwenye nyumba anaweza kulala. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyoungana na ile ya Mark Honeywell mwaka 1927.

Ukiniambia niandike programu ya kazi hiyo, utasema ni mstari mmoja: joto likiwa chini ya 20 washa, la sivyo zima. Ijaribu kwenye nyumba halisi uone. Kwanza, joto likichezacheza pale pale kwenye 20, hita itawaka na kuzima kila mara mpaka iharibike. Dawa yake ni kuacha nafasi, kwa mfano uwashe kwenye 19 na uzime kwenye 21. Pili, kuna kuchelewa. Tanuri likizimwa, chuma chake bado ni cha moto na kinaendelea kumwaga joto, kwa hiyo chumba kinapitiliza.

Dawa ya tatizo hilo la pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ndani ya themostati mafundi walitia kihita kidogo sana. Tanuri likiwaka, kihita hicho kinaipasha themostati yenyewe na kuidanganya kwamba chumba kimeshapata joto, hivyo inazima mapema. Honeywell ya mviringo iitwayo T87, iliyochorwa na Henry Dreyfuss na kutoka mwaka 1953, ilikuwa na kihita hicho, na fundi aliweza kukirekebisha kulingana na nyumba. Hamna chipu hata moja, lakini kifaa kinabashiri.

Wengine walibashiri kwa njia nyingine. Ukuta mnene wa matofali huchukua saa kadhaa kabla ya kuipitisha baridi ndani, kwa hiyo chumba ni shahidi anayefika mahakamani amechelewa. Ndiyo maana boila nyingi za Ulaya ziliwekewa kihisi nje ya nyumba. Hewa ya nje ikishuka, boila inaongeza joto la maji kabla wenyeji hawajaanza kutetemeka.

Halafu kuna pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama friji: inachota joto upande mmoja na kulipeleka upande wa pili, na valvu ikigeuzwa inafanya kinyume. Wakati wa joto inapoza nyumba, wakati wa baridi inaipasha. Lakini baridi ya nje ikizidi, mashine hii inatoa joto kidogo zaidi wakati ule ule nyumba inapohitaji zaidi. Basi nyingi huwekewa hita ya umeme ya akiba, ambayo inakula umeme mwingi mno.

Hapo ndipo tunafika Texas, jimbo lililozoea kuhofia joto kuliko baridi, ambako zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa umeme. Februari 2021 baridi kali iliingia, na tarehe 16 Dallas ilishuka hadi karibu nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri. Kila themostati ilifanya ilivyofundishwa: chumba kinapoa, washa, na kama haitoshi washa na ya akiba. Wakati huo huo visima na mitambo ya gesi vilikuwa vikiganda, na vituo vya umeme vikizimika kimoja baada ya kingine. Usiku wa kuamkia tarehe 15, mawimbi ya gridi yalikaa chini ya kiwango cha hatari kwa zaidi ya dakika 4, na yangefika dakika 9 mitambo zaidi ingejizima, jimbo karibu zima likabaki gizani. Ilibidi mamilioni ya nyumba yakatiwe umeme. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246.

Mwenye kuendesha seva anaujua ugonjwa huu. Kila mteja anaomba kwa haki yake, lakini wote wakiomba sekunde moja, seva inaanguka. Na ikifufuka, wote wanarudi kwa pamoja na kuiangusha tena. Kwa sababu hiyo hiyo umeme hurudishwa mtaa baada ya mtaa, maana kila nyumba iliyopoa inaingia na hita yake ikiwa wazi kabisa.

Drebbel alikuwa na tanuri moja na vifaranga vyake. Kwa karne nne tumeifundisha themostati kukisikiliza chumba, kisha ukuta, kisha hewa ya nje. Kazi iliyobaki ni kuifundisha kumsikiliza jirani, ili kila nyumba ipunguze kidogo badala ya chache kuzimwa kabisa. Hilo halihitaji metali mpya. Ni kazi ya programu, yaani yetu.