Opinel

Opinel ni kisu cha kukunja cha mfukoni kutoka Savoie, eneo la milima ya Alpi nchini Ufaransa. Kilibuniwa mwaka 1890 na Joseph Opinel, mwana wa mhunzi. Mwaka 1897 visu hivyo vilipangwa kwa ukubwa, kuanzia namba 1 hadi 12. Namba 1 na 11 ziliachwa baadaye. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo maarufu zaidi. Nembo yake ni mkono ulionyooshwa vidole, juu yake taji.

Umbo lake ni sahili mno: bapa, mpini wa mbao na pete ya chuma. Pete inayozungushwa ili bapa lisimkunjikie mtumiaji vidoleni iliongezwa mwaka 1955 na Marcel Opinel.

Wapenzi wake wengi huchagua bapa la chuma cha kaboni badala ya chuma cha pua, ingawa hushika kutu likiachwa na unyevu. Hunoleka upesi, na tindikali ya matunda hulitia madoa ya kijivu, hivyo kila kisu hupata sura inayofuata matumizi ya mwenyewe. Mpini nao hulainika kwa kushikwa. Kwa kuwa bei yake ni nafuu, mkusanyaji anaweza kutafuta namba zote na bado akabaki na kimoja cha kumenyea chungwa, kwani kisu kisichokata kitu, hata kiwe kizuri vipi, ni pambo tu. Mbao ikivimba kwa maji, bapa hugoma kufunguka; wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani likachomoza.