Muzungu wa Marekani huku kwetu: namna anaonwa, na hasira ilitoka wapi

Kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Kanyabayonga na kupita Kayna na Kirumba mpaka Lubero na Butembo, jipu ikipita na mutu mweupe ndani, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele: muzungu! muzungu! Hakuna anayemuuliza pasipoti. Awe ametoka Bruxelles, Paris ao New York, jina ni moja. Tena wakati wa Ebola jina lilienda mbali zaidi: hata munganga wa Kameruni ao mukubwa aliyetumwa kutoka Kinshasa, akiwa ndani ya jipu na begi ya kompyuta, alihesabiwa upande wa wazungu.

Wamarekani wenyewe ni wachache sana huku. Wizara ya mambo ya inje ya Marekani inawashauri raia wake wasikanyage Kivu ya Kaskazini, juu ya makundi ya silaha na utekaji nyara. Mutalii wa Marekani, yule mwenye kamera na kofia, watu wa Lubero wanamujua zaidi kwenye sinema. Mwenye kufika anafika na kazi: kuhubiri, kutibu, kuchunga wanyama, kuandika habari, kufuata vita. Ndiyo maana malalamiko ya huku si kama ya kwingine. Huko Ulaya watu wanamusema Mumarekani kwamba anaongea kwa sauti kubwa na kutaka kila mutu ajue Kiingereza. Huku wanamusema kwamba anakuja na ulinzi, anauliza maulizo mengi, anaandika, anaondoka, na jibu halirudi.

Wa kwanza kujulikana alikuwa Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales, lakini jina lake lilijengwa na gazeti la Marekani, New York Herald. Mwaka 1889 alipita bonde la Semuliki, chini ya milima Ruwenzori, na musafara wa bunduki na wapagazi. Mbele ya pale alikuwa amefanya kazi ya mufalme Leopold II, na jina alilopewa, Bula Matari, muvunja mawe, likabaki jina la serkali yote ya kikoloni. Jambo moja linasahauliwa: Marekani ndiyo ilikuwa inchi ya kwanza kutambua bendera ya Leopold, mwezi wa Aprili 1884, hata mbele ya mukutano wa Berlin.

Wamisionari Wabatisti kutoka Marekani walifika Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920, wakafungua misioni Kitsombiro na Katwa. Hawa walikaa. Walijifunza Kinande, walizaa watoto huku, wengine walizikwa huku. Hata hivyo mugogoro mukubwa wa kwanza kati ya Wamarekani na wenyeji ulitokea ndani ya kanisa, na ulikuwa juu ya masomo. Kisha vita ya pili ya dunia, Wabeljiji walikubali kutoa feza kwa shule za Waprotestanti kama walivyokuwa wanatoa kwa Wakatoliki. Sehemu ya wamisionari walikataa: walisema feza ya serkali itaharibu kazi ya injili. Wazazi Waprotestanti waliona watoto wa jirani Mukatoliki wakipata diploma na kazi ya ofisi, na wao wakibaki na Biblia na jembe. Karibu na wakati wa uhuru ugomvi ulipasua kanisa mbili. Leo Wabatisti wa CBCA, wanaoongozwa na Wakongomani wenyewe, wana shule na hospitali katika eneo zima. Lakini swali lililoulizwa wakati ule, kwamba nani anaamua kitu ambacho sisi tunahitaji, lilirudi mara nyingi kisha pale.

Lilirudi kwanza upande wa mbuga. Carl Akeley, Mumarekani, alikuja mwaka 1921 kuwinda gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kisha kuwaua aliona watamalizika, akasukuma wakubwa wa Ubeljiji wawalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 mbuga ya Albert ikatangazwa, ile tunayoita leo Virunga. Akeley alikufa mwaka uliofuata, akazikwa Kabara, kwenye mulima Mikeno. Pale pale Kabara ndipo Dian Fossey, Mumarekani mwingine, alianza utafiti wake mwaka 1967. Miezi michache kisha, askari walimuondoa juu ya vurugu za wakati ule, akavuka Rwanda. Kule aligombana kwa ukali na wachungaji na wawindaji, mpaka alipouawa Desemba 1985. Kwa wasomaji wa Marekani yule ni shujaa. Kwa mukulima anayetafuta shamba pembeni ya mbuga, ao kwa muvuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, mupaka wa Virunga ulipigwa na watu ambao hawakumuuliza babu yake. Ndipo lilitoka lile neno linalosikika kila mahali: nyama wa pori ana samani kuliko mutu.

Haikuwa lazima iende vile. Upande wa Kasugho, mwishoni mwa miaka ya 1990, machifu wenyewe walitoa ardhi yao ifanywe hifadhi ya gorila ya Tayna, na shirika la Marekani lenye jina la Dian Fossey likaja kusaidia. Wanyama ni wale wale, na feza ya Marekani ni ile ile. Kilichobadilika ni mutu aliyesema wa kwanza.

Siasa ya Kinshasa wengi wanaijua. Mwaka 1975 uchunguzi wa Seneti ya Marekani wenyewe ulionyesha kwamba mutaalamu wa CIA alileta sumu Léopoldville, Septemba 1960, ili Lumumba auawe. Sumu haikutumiwa, Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 kwa mikono mingine. Kisha Mobutu alipokelewa Washington na marais wengi wa Marekani, kutoka Kennedy mpaka Bush baba. Muzee aliyelipa kodi ya Mobutu miaka makumi tatu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hasira ambayo vijana wa Beni na Butembo wanaikumbuka vizuri ni ya Ebola.

Tarehe 1 Agosti 2018 serkali ilitangaza ugonjwa Mangina, karibu na Beni. Ulipoisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umegusa watu 3470, na 2287 kati yao walikufa. Ili kuelewa namna watu walipokea ile kazi, lazima kukumbuka kwamba Beni ilikuwa inazika wafu wa panga tangu Oktoba 2014. Miaka ine watu waliomba musaada, na hakuna ndege iliyotua na mamilioni. Ebola ikaingia, na kwa muda mufupi barabara zilijaa magari. Mutu aliyefiwa na familia nzima Oicha ao Mbau aliona kwamba dunia inaogopa ugonjwa unaoweza kupanda ndege, haiogopi panga. Si vigumu kumuelewa.

Wamarekani walikuwa na nafasi ya ajabu katika mambo hayo. Feza yao ilikuwa kati ya nyingi zaidi. Chanjo ilikuwa ya kampuni ya Merck, ya Marekani, na ilipewa watu zaidi ya 300 000. Lakini wao wenyewe karibu hawakuonekana. Wataalamu wa CDC, idara ya Marekani inayopiganisha magonjwa, walifika Beni Agosti 2018, na kisha siku chache tu serkali yao ikawaondoa juu ya usalama. Kwa mwenyeji ile ilisema kitu kimoja: hapa ni hatari kwa maisha yao, si kwa yetu.

Wale waliobaki, wa kila inchi, walifanya kazi iliyookoa watu wengi, na hilo lisemwe wazi. Lakini namna yao iliumiza. Walikuja na askari wa kuwasindikiza, na wale askari walilipwa, wakati watu walikuwa wanashuku askari ndani ya mauaji. Bei ya nyumba ilipanda. Mwenye gari alikodisha kwa dola kila siku, na mwenye kujuana na mukubwa alipata kazi mbele ya aliyesoma. Maiti ilichukuliwa na watu waliovaa kama wa mwezini, bila mama kuosha mutoto wake. Ndipo likazaliwa neno "Ebola business", ambalo hata bibi asiyejua Kifaransa analisema. Tarehe 26 Desemba 2018, CENI ikaondoa Beni na Butembo kwenye uchaguzi wa rais, ikitaja Ebola na usalama. Beni watu walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe mitaani, na kunawa mikono mbele. Tangu pale wengi waliamini kwamba ugonjwa ni silaha ya siasa.

Matokeo yalikuwa mabaya. Kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2019, cha Butembo siku tatu kisha. Tarehe 19 Aprili Dokta Richard Mouzoko, Mukameruni wa OMS, aliuawa kwenye kliniki ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya jamii ya Lwemba, upande wa Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa ametangaza juu ya Ebola. Hasira ya kumukasirikia muzungu iliangukia watu weusi, wengine majirani, na hiyo ni aibu ambayo eneo halijaizungumza vya kutosha.

Kisha ikatoka habari ambayo iliwapa haki wale waliolalamika. Septemba 2020 waandishi wa habari walikusanya ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni waliosema walitumiwa kingono na wafanyakazi wa riposte, wengi wakiahidiwa kazi. Mwaka mumoja kisha, tume iliyoundwa na OMS yenyewe ilihesabu washukiwa 83, kati yao 21 wa OMS.

Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021. Mara hii kazi iliongozwa na wanganga na wauguzi wa huku huku, pamoja na watu wa mitaa waliojua nani ni mukwe wa nani. Wagonjwa walikuwa 12, wafu 6, na tarehe 3 Mei ilitangazwa kwamba imekwisha. Chanjo ilikuwa ile ile ya Marekani, na safari hii haikuleta vita.

Dawa nazo zina hadithi yao. Mbili zinazotibu Ebola zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Mojawapo ilitoka katika damu ya Mukongomani aliyepona Kikwit mwaka 1995, kwa kazi ya Profesa Muyembe pamoja na watafiti wa Marekani. Zilikubaliwa Marekani mwaka 2020, na Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba akiba karibu yote ilikuwa kule, si hapa wagonjwa walipo.

Upande wa vita, malalamiko ni ya zamani: wenye satelaiti wanaona kila kitu, namna gani hawaoni ADF? Machi 2021 Marekani iliandika ADF kwenye orodha ya magaidi. Agosti ya mwaka ule rais Tshisekedi alikubali wataalamu wa kijeshi wa Marekani wafike Virunga na Garamba. Mauaji hayakusimama. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano mjini Washington, na madini yalikuwa ndani ya mazungumzo; watu wa kusini mwa Lubero, waliokimbia Kanyabayonga ilipoangukia M23 Juni 2024, walisikiliza neno la madini zaidi ya neno la amani.

Hata hivyo ingekuwa uongo kuandika kwamba huku watu wanawachukia Wamarekani. Kijana yule yule anayesema wamekuja kutuibia, kila mwaka alikuwa anatafuta feza ya sibere ili ajaze loteri ya viza. Kwa miaka kadhaa Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wa Kivu waliokuwa kambini Uganda, Tanzania na Burundi. Karibu kila kata ina mama mwenye mutoto kule, anayetuma dola kwa sikukuu. Tarehe 20 Januari 2025 ule mupango wa wakimbizi ulisimamishwa, na familia zilizokuwa zimekwisha kupita maulizo yote, nyingine zikiwa zimeuza vitanda na sufuria, zilibaki Nakivale na kwingine zikingojea simu.