Bima ya mifugo: Kwa nini mfugaji hulipwa kabla ng'ombe hajafa

Fidia ya ukame ambayo serikali ya Kenya ilianza kuwalipa wafugaji wa kaskazini katika mwongo uliopita haikutegemea idadi ya mizoga, bali rangi ya malisho. Mpango wa Bima ya Mifugo, uliozinduliwa mwaka wa 2015 kwa kuanzia na kaunti za Wajir na Turkana, ulitumia setilaiti zinazopima kiasi cha kijani kilichopo ardhini. Kipimo kiliposhuka mno kikilinganishwa na kumbukumbu za miaka ya nyuma katika eneo hilo, kila kaya iliyosajiliwa huko ililipwa, iwe imepoteza mnyama au la.

Utaratibu huo ulikuwa na sababu. Kumtuma afisa ahesabu mizoga katika nyika pana, huku wenye mifugo wakihamahama, kungegharimu pengine kuliko fidia yenyewe. Aidha, mfugaji anayelipwa kwa sababu ya ukosefu wa malisho hana haja ya kuacha mnyama afe ili apate haki yake.

Mfumo wenyewe ulijaribiwa kwanza Marsabit mnamo Januari 2010 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) pamoja na washirika wake. Wakati huo wafugaji walijinunulia bima, nayo ililipa pale ambapo vifo vya mifugo vilikadiriwa kupita asilimia 15. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011. Kasoro ilikuwa wazi: fedha zilifika mifugo ikiwa imekwisha kufa. Mpango wa serikali ukageuza shabaha, pesa zifike mnyama angali amesimama, zinunue nyasi, maji na dawa.

Serikali ilibeba ada yote ya bima kwa vipimo 5 vya mifugo kwa kila kaya. Kipimo kimoja ni sawa na ng'ombe mmoja, au mbuzi na kondoo 10; ngamia mmoja huhesabiwa kuwa 1.4. Mnamo Februari 2017, kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti 6 zilitangaziwa malipo ya Sh214 milioni. Ukigawanya, kila kaya ilipata kama Sh17,800. Hizo ni fedha za kuokoa ng'ombe wachache wa kuzalisha, wala si za kujenga upya zizi lililofagiwa na kiangazi.

Hata hivyo, manung'uniko makubwa huzuka kwingine. Setilaiti haibagui nyasi na kichaka. Mathenge, mti ambao wakazi wa Baringo waliupelekea mbuzi asiye na meno mahakamani mwaka wa 2006, hubaki na majani wakati nyasi zimekauka, na kijani chake chaweza kulipotosha hesabu. Tena kipimo ni cha eneo zima: mvua ikinyesha upande mmoja wa eneo, mfugaji wa upande mkavu huweza kuzika ng'ombe wake bila kupata hata senti. Kwake yeye, hiyo haifanani na bima hata kidogo, na ni vigumu kumlaumu.

Tangu 2022, mradi wa DRIVE unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umeendeleza bima hii nchini, lakini mfugaji sasa huchangia sehemu ya ada. Ulianza wakati mbaya, kwani ukame wa 2020 hadi 2023, uliotokana na misimu 5 mfululizo ya mvua haba, uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kalenda. Bima ya aina hii huuzwa kabla ya msimu wa mvua, yaani takriban Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Anayengoja mpaka mawingu yapite bila kunyesha ndipo atafute wakala, huambiwa arudi msimu ujao.